Magari ya barua ya Marekani yalivyofungua soko la ngano, mahindi na majani makavu

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Oktoba 10, 1858 gari la farasi lililojaa vumbi liliingia San Francisco likiwa na mifuko ya barua kutoka St. Louis. Lilikuwa njiani siku 23 na saa 23 na nusu. Abiria mmoja tu ndiye aliyesafiri nalo njia nzima, Waterman Ormsby, mwandishi wa gazeti la New York Herald. Mkataba na Serikali ulitaka barua zifike ndani ya siku 25, hivyo mwenye kampuni, John Butterfield, alikuwa amebakiwa na siku moja mkononi.

Tangu siku hiyo yameandikwa mengi kuhusu madereva mashujaa, majambazi na mishale, na sinema zikaongeza chumvi. Kinachosahaulika ni kwamba gari lile lilitembea kwa mahindi, shayiri na majani makavu, na kwamba kila kilo ya chakula hicho ililimwa na mtu, ikabebwa na mtu, na ilipaswa kulipwa na mtu. Hapo kwenye kulipwa ndipo shida zote za biashara hii zilipoanzia.

Kisa chenyewe kilianza na dhahabu. Iligunduliwa California Januari 1848, watu wakamiminika, na mwaka 1850 eneo hilo likawa jimbo kamili la Marekani. Lakini kati yake na majimbo ya mashariki kulikuwa na nyika, milima na jangwa la maelfu ya kilomita. Barua zilipita baharini hadi Panama, zikavuka nchi kavu, kisha zikapanda meli nyingine. Mfanyabiashara wa San Francisco aliyeagiza mali New York alisubiri wiki kadhaa kabla ya kujua kama oda yake imepokelewa. Mwaka 1856 watu 75,000 wa California walitia saini ombi wakilitaka Bunge liwatengenezee njia ya nchi kavu.

Wapo waliokwisha kujaribu kabla ya hapo. Mwaka 1851 George Chorpenning na mwenzake Absalom Woodward walichukua zabuni ya kupeleka barua mara moja kwa mwezi kati ya Sacramento na Salt Lake City kwa dola 14,000 kwa mwaka. Walitumia nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, si wa porini wa Serengeti. Woodward aliuawa njiani mwaka huo huo wa kwanza. Majira ya baridi yaliyofuata wanyama waliganda kwa theluji milimani, na wachukuzi wakamalizia kama kilomita 320 kwa miguu wakiwa na barua mgongoni. Chorpenning aliendelea, mkataba wake ukavunjwa, ukarudishwa, ukavunjwa tena, akaidai Serikali fidia kwa miaka mingi. Mwaka 1870 Posta ilikubali kumlipa zaidi ya dola 443,000. Bunge likasimamisha malipo hayo kabla hajapata hata senti.

Mkataba wa dola 600,000

Sheria ya Machi 3, 1857 ilileta fedha za kweli. Ilimruhusu mkuu wa Posta kutoa mkataba wa miaka sita wa kupeleka barua kutoka mto Mississippi hadi San Francisco, na kama safari zingekuwa mara mbili kwa wiki malipo yangefika dola 600,000 kwa mwaka. Mkuu wa Posta wakati huo, Aaron Brown, alikuwa mtu wa Tennessee, jimbo la kusini. Haikuwashangaza watu wa kaskazini kuona njia aliyoichagua inashuka hadi Texas, inagusa El Paso na Tucson, inavuka mto Colorado pale Fort Yuma ndipo inapanda kwenda Los Angeles na San Francisco. Wakaibeza kwa kuiita upinde wa nira ya ng'ombe. Ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 4,500. Brown alijitetea kwamba kusini hakuna theluji, na hoja hiyo ilikuwa na uzito. Ila ni vigumu kuamini kwamba siasa haikuwamo.

Butterfield alikuwa mtu wa kazi hiyo. Alianza maisha kama dereva wa magari ya farasi jimboni New York, akapanda hadi kumiliki njia zake mwenyewe, na mwaka 1850 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa American Express. Alipewa mwaka mmoja kujitayarisha. Katika mwaka huo alichimba visima, akajenga vituo 139 ambavyo baadaye vilikaribia 200, na akanunua farasi zaidi ya 1,000 na nyumbu zaidi ya 500. Kwa njia ngumu alitumia magari mepesi yenye paa la turubai. Kwa sehemu nzuri alitumia yale magari makubwa kutoka mji wa Concord, New Hampshire, ambayo bodi lake lililala juu ya mikanda minene ya ngozi badala ya springi za chuma, likawa linayumba kama mtumbwi. Watu tisa walikaa ndani wakibanana magoti.

Abiria wa njia nzima alilipa dola 200, chakula akijinunulia mwenyewe vituoni. Barua ililipiwa senti 10. Gari lilitembea usiku na mchana, wastani wa kilomita nane kwa saa, likisimama dakika chache kubadilisha wanyama. Siri ya mwendo ilikuwa hiyo hiyo ya kubadilisha: farasi mmoja alikimbia kipande cha kilomita 20 au 25 tu, akapumzishwa, akamrithisha mwenzake. Kwa hiyo kila kituo, hata kile cha katikati ya jangwa kisicho na mti, kililazimika kuwa na wanyama walioshiba, maji na ghala la chakula.

Magunia 74 kila siku

Hesabu ya chakula hicho inatosha kumpa mtu kizunguzungu. Kanuni za jeshi la Marekani za karne hiyo zilimpa farasi wa kazi kilo 5.4 za nafaka kwa siku, nyumbu kilo 4.1, na kila mmoja kilo 6.3 za majani makavu. Kwa farasi 1,000 na nyumbu 500, hiyo ni tani 7.4 za nafaka, yaani magunia 74 ya kilo 100 kila siku, na zaidi ya tani tisa za majani. Kwa mwaka ni magunia 27,000. Si kila kituo kililisha kwa kipimo hicho, maana sehemu za Texas kulikuwa na malisho ya wazi, lakini jangwani hakukuwa na cha kuchunga.

Nafaka yenyewe haikupatikana pale ilipohitajika. Mahindi yaliyonunuliwa kwa bei ya kawaida kando ya mto Missouri yalipakiwa kwenye mikokoteni ya maksai, yakasafiri wiki kadhaa, na yalipofika kituoni gharama ya kubeba ilikuwa imeizidi mbali bei ya shambani. Maksai walipendwa kwa sababu walijilisha kwa nyasi za njiani. Laiti wangekula mahindi wangemaliza mzigo kabla ya kufika. Katika hali hiyo, mkulima yeyote aliyeweza kuvuna gunia moja karibu na kituo cha mbali alikuwa na bidhaa ya thamani kubwa. Hakushindana na bei ya Missouri. Alishindana na bei ya Missouri pamoja na nauli ya mikokoteni, na hapo alikuwa na nafasi pana ya faida.

Waliolifahamu hilo mapema kuliko wengi ni Wapima, wenyeji wa asili wa bonde la mto Gila katika Arizona ya leo, wanaojiita Akimel O'odham. Walikuwa wakulima wa umwagiliaji wa tangu enzi, wenye mifereji yao, mahindi yao na maharage yao, na ngano waliyoipata kupitia wamisionari wa Kihispania. Njia ya Butterfield ilipita katikati ya vijiji vyao. Katika msimu wa 1858 waliuza kama tani 45 za ngano ya ziada. Mwaka 1859 ziliongezeka hadi tani 113, pamoja na maharage, maboga na matikiti, na mwaka 1860 zikafika kama tani 180. Mnunuzi mkubwa alikuwa kampuni ya posta. Katika miaka mitatu walizidisha mauzo mara nne bila mkopo wala bwana shamba, kwa kuongeza eneo na kurefusha mifereji. Walilipwa kwa nguo, zana na fedha.

Soko lao halikufa hata njia ilipohamishwa mwaka 1861, kwa kuwa jeshi liliingia Arizona mwaka uliofuata likawa mnunuzi mpya. Kilichowaua ni maji. Walowezi walioanzisha mji wa Florence juu ya mto mwaka 1866, na wengine waliowafuata, walichimba mifereji yao na kuuchepusha mto Gila kabla haujawafikia Wapima. Mwishoni mwa karne hiyo wakulima waliokuwa wakilisha farasi wa Serikali na askari wake walikuwa wakifa njaa na kukata miti ya mesquite wauze kuni. Haki yao ya maji ilitambuliwa kikamilifu kwa sheria ya Bunge la Marekani ya mwaka 2004, iliyoitengea jamii yao kama mita za ujazo milioni 800 kwa mwaka.

Bunge lapiga chenga

Kwa upande wa Butterfield, mambo yalianza kuharibika kabla ya mwaka kwisha. Aaron Brown alifariki dunia Machi 1859, na mrithi wake, Joseph Holt, alikuwa mtu wa hesabu. Alipofungua vitabu aliona njia ya Butterfield inaigharimu Posta dola 600,000 kwa mwaka huku stempu zake zikiingiza kama dola 27,000. Nyingine zilikuwa mbaya zaidi. Njia ya San Antonio hadi San Diego, ambayo watu waliiita posta ya punda kwa sababu ya nyumbu wake, iligharimu zaidi ya dola 190,000 na kuingiza kama dola 600. Holt akaanza kupunguza safari na kufuta njia, ila mkataba wa Butterfield ulikuwa mgumu kuvunjwa.

Mwezi huo huo Bunge lilimaliza kikao chake bila kupitisha bajeti ya Posta. Wakandarasi wa barua nchi nzima wakaendelea kufanya kazi bila kulipwa, wakiwa na hati za deni mkononi. Hati ya Serikali ni kitu kizuri, ila muuza shayiri wa Texas haitaki. Butterfield alilazimika kukopa, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Wells Fargo. Kufikia Machi 1860 deni lilikuwa kubwa kiasi kwamba wakopeshaji walimwondoa katika kiti cha urais wa kampuni aliyoijenga mwenyewe. Magari hayakusimama. Yaliendelea kufika kwa wakati, na abiria wengi hawakujua kwamba mwenye mali amebadilika.

Hali kama hiyo iliwakuta Russell, Majors na Waddell, wafanyabiashara wa mikokoteni waliosifika kuliko wote huko Missouri. Mwaka 1857 walibeba mizigo ya jeshi lililotumwa Utah, wakapoteza maksai na magari yenye thamani ya karibu dola nusu milioni, na Serikali haikuwafidia. Badala ya kupunguza mwendo, Russell aliongeza. Aprili 3, 1860 walianzisha Pony Express, vijana wepesi waliokimbiza farasi kati ya St. Joseph na Sacramento kwa siku kumi. Barua moja ya gramu 14 ililipiwa dola tano, wakati ule ule ambapo gari la kawaida lilitoza senti 10. Wateja walikuwa benki, magazeti na wenye haraka ya kweli, nao ni wachache. Hasara ilikuwa kubwa.

Ili kuziba pengo Russell alichukua, kupitia karani mmoja wa wizara, hati za dhamana za dola 870,000 zilizokuwa amana ya wenyeji wa asili, akaziweka rehani benki. Alikamatwa Desemba 1860. Kesi haikufika mwisho lakini jina lilikwisha. Wafanyakazi wa kampuni yake ya magari, ambayo jina lake refu lilifupishwa kwa herufi C.O.C. & P.P., walisema herufi hizo maana yake ni kuishiwa kabisa na mshahara kiduchu. Waya wa telegrafu ulipounganishwa Oktoba 24, 1861, Pony Express ilikuwa imedumu miezi 18 tu. Ndiyo hiyo inayojulikana zaidi duniani kuliko zote, ingawa ilibeba barua chache.

Moto wa 1864

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipobisha hodi, Bunge liliihamisha njia kuu kutoka kusini. Kuanzia Julai 1, 1861 magari yalipita katikati ya nchi, bonde la mto Platte, Denver au jirani yake, Salt Lake City, kisha California, safari sita kwa wiki kwa dola milioni moja kwa mwaka. Mwandishi Mark Twain alipanda gari la njia hiyo mwaka huo huo, akalipa dola 150 na kuruhusiwa mzigo wa kilo 11 tu.

Mwezi Machi 1862 sehemu ya mashariki ya njia hiyo ilipigwa mnada kwa sababu ya madeni, ikaangukia mikononi mwa Ben Holladay kwa dola 100,000. Holladay ndiye aliyekuwa akiikopesha kampuni hiyo, na aliyekopesha huwa wa kwanza kujua siku ya mnada. Alikuwa mtu mkali, mwenye marafiki Washington, na aliijua biashara ya mahindi kuliko ya abiria. Chini yake bonde la Platte lilijaa ranchi za barabarani: familia iliyojenga nyumba ya udongo, ikakata majani ya bondeni, ikalima mahindi kidogo, ikauza vyote kwa vituo na kwa misafara ya mikokoteni. Utah nako Wamormoni, waliokuwa wakimwagilia tangu 1847, waliuza unga na nafaka vituoni.

Ardhi hiyo ya Platte ilikuwa na wenyewe. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851 uliwaahidi Wacheyenne, Waarapaho, Walakota na wengine malipo ya kila mwaka kwa miaka 50 ili waruhusu barabara. Seneti ikapunguza miaka hiyo hadi 10. Wakati huo misafara ilikuwa inamaliza nyasi na kuni na kuwafukuza nyati. Agosti 1864 vijana wa makabila hayo walishambulia ranchi na vituo katika mabonde ya Platte na Little Blue, wakaua watu, wakachukua mifugo na kuchoma maghala ya majani na nafaka. Barua zilisimama kwa wiki kadhaa. Novemba 29 mwaka huo wanajeshi wa kujitolea wa Colorado walivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho waliodhani wako katika amani pale Sand Creek, wakaua zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kisasi kilifuata Januari na Februari 1865, na kituo kikubwa cha Julesburg kikateketezwa.

Holladay aliidai Serikali fidia ya hasara zake akafa mwaka 1887 bila kulipwa. Familia za ranchi zilizounguliwa na majani ya mwaka mzima hazikuwa na hata wakili wa kuzisemea.

Hata hivyo alikuwa amekwisha kuuza. Novemba 1866 Wells Fargo walinunua himaya yake kwa dola milioni 1.5 taslimu na hisa za dola 300,000, wakiamini reli ingechukua miaka mingi kufika. Waliagiza magari mapya kutoka Concord, na Aprili 1868 magari 30 yalisafirishwa kwenda magharibi yakiwa yamepakiwa juu ya behewa 15 za treni. Picha hiyo peke yake ilitosha kuwaambia wenye mali kinachokuja. Mei 10, 1869 reli mbili zilikutana Promontory, Utah. Wells Fargo walikaa na njia hiyo kwa chini ya miaka mitatu.

Nyota tatu kwenye daftari

Magari ya farasi hayakufa siku hiyo. Yaligeuka kuwa matawi ya reli, yakichukua barua stesheni na kuzipeleka migodini na vijijini. Mikataba hiyo midogo ilifuata sheria ya mwaka 1845, iliyosema zabuni apewe mwenye bei ya chini ili mradi afanye kazi kwa haraka, uhakika na usalama, awe na gari, farasi au miguu yake tu. Makarani walichoka kuandika maneno hayo matatu wakawa wanachora nyota tatu, na njia hizo zikaitwa njia za nyota.

Penye bei ya chini wajanja hawakukosekana. Katika miaka ya 1870 walijitokeza wazabuni walioomba njia kwa bei ya kutupa, wakashinda, kisha wakaomba Posta iongeze safari na mwendo, na malipo yakapanda mara nyingi kupita bei ya awali, hata katika njia ambazo barua zake zingejaa mfuko mmoja. Thomas Brady, ofisa wa juu wa Posta aliyesimamia mikataba, na Stephen Dorsey, aliyekuwa seneta, walishitakiwa pamoja na wenzao mwaka 1882. Kesi ilirudiwa mwaka 1883 wakaachiwa huru. Mzabuni mwaminifu aliyekuwa ameandika bei ya kweli, pamoja na mahindi na viatu vya farasi ndani yake, alikuwa ameshakosa kazi siku nyingi.

Njia za nyota zilibadilishwa jina rasmi mwaka 1970, na leo kazi hiyo inafanywa na wakandarasi wenye malori. Ipo moja ambayo lori halifiki. Kijiji cha Supai, cha watu wa Havasupai, kiko chini kabisa ya bonde la Grand Canyon huko Arizona, kilomita 13 kutoka mwisho wa barabara, na barua zake hushushwa kwa nyumbu. Sehemu kubwa ya mizigo ya wanyama hao si barua, bali ni vyakula vya wanakijiji, vilivyobandikwa stempu kama kifurushi kingine chochote.